Mmeambiwa "ndio hali yake" mkarudishwa nyumbani? Mwongozo kamili wa kumpeleka mtu mwenye ulemavu wa akili kliniki ya afya ya akili Nairobi

Naandika hii juu watu wanaanguka mahali pamoja kila saa. Kijana mwenye ulemavu wa akili amebadilika, halali, ameanza kujigonga kichwa kwa ukuta, ama binti aliyekuwa mchangamfu amenyamaza hata chapo hataki, familia inajipanga, inapanda matatu asubuhi na mapema, inapiga foleni mpaka saa saba, alafu wakiingia ndani wanakaa dakika kumi na wanatoka na jibu moja: "hawa huwa hivo tu". Ama wanatoka na dawa ya kumlaza. Shida inarudi nyumbani nao.

Tuelewane kwanza. Ulemavu wa akili mtu anakuwa nao tangu utotoni, anajifunza polepole na anahitaji usaidizi. Ugonjwa wa akili unaingia baadaye, unaeza kutibiwa, na mtu mmoja anaeza kuwa na vyote viwili. Tena si wachache: kule Glasgow, Uskoti, utafiti uliotolewa 2007 ulipima watu wazima 1,023 wenye ulemavu wa akili na madaktari wakakuta karibu 41 kati ya kila 100 wana shida ya afya ya akili ama ya tabia.

Sasa daktari hamjui mtu wako. Hajui alikuwa aje mwezi wa tatu. Anaona mtu asiyeongea vizuri ameketi hapo anatikisika, na ulemavu unafunika kila kitu kingine. Kazi yako ni kumpelekea ushahidi kwamba kuna kitu kimebadilika, na kila hatua hapa chini ni ya hio kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Buku ya kawaida ya shule na kalamu.
- Simu yenye kamera.
- Dawa ZOTE anazomeza, zikiwa kwa pakiti zake. Usiseme "ile nyeupe ndogo", zimejaa.
- Kadi za kliniki za zamani, ripoti ya EARC (kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum kabla ya shule) kama alipimwa akiwa wa shule, na kadi ya ulemavu ya NCPWD (baraza la taifa la watu wenye ulemavu) kama anayo. Kama hana, usingoje, endelea tu.
- Kitambulisho chake ama cheti cha kuzaliwa, na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali. Ile ya zamani, NHIF, iliisha Oktoba 2024, bado kuna watu wanafika dirishani na kadi ya zamani.
- Mtu wa pili anayekaa naye mchana: dadake, mwalimu, shosho, mama wa kazi. Mara nyingi huyu ndiye anajua kuliko mzazi anayetoka kazini usiku.

## Hatua ya 1: Hakikisha si ya leo leo

Kuna mambo hayangoji buku. Kifafa kilichopita dakika tano, ama kinarudi kabla hajaamka vizuri. Amekataa maji siku nzima. Tumbo limevimba, hajaenda choo siku kadhaa na anatapika. Anasema anataka kufa ama amejaribu kujiumiza vibaya. Ana joto kali, mwili umekakamaa kama mti na amechanganyikiwa, hasa kama anatumia dawa za akili. Amechanganyikiwa ghafla ndani ya masaa.

Hizi ni kazualti ya hospitali iliyo karibu, usiku huo huo. Kama hakuna hata moja, songa mbele.

## Hatua ya 2: Andika alivyokuwa zamani

Ukurasa wa kwanza wa buku andika mtu wako venye alikuwa miezi sita iliyopita akiwa sawa. Watu wanaruka hapa juu wanaona ni wazi, na hapa ndio kesi yote iko.

Usiandike "alikuwa mzuri". Andika vitu vinaonekana. Tuseme: alikuwa anaoga mwenyewe ukimwekea maji, anavaa shati lakini vifungo umsaidie, anakula ugali sahani moja na kuongeza, analala saa tatu mpaka saa kumi na mbili, anajua kutumwa kwa kiosk ya chini kununua maziwa na anarudi na chenji, anaita majirani kwa majina, Jumapili anapiga makofi kwaya ikianza. Alafu kando ya kila mstari andika leo iko aje. Anaoga akilazimishwa. Vifungo vyote haguzi. Sahani nusu. Anaamka saa nane usiku. Kiosk amekataa kabisa, akifika kwa ngazi anashika chuma.

Mtu akiwa na ulemavu wa akili na apate huzuni kali inayoitwa depreshoni, mara nyingi hatakuambia "nasikia vibaya moyoni". Atapoteza vitu alivyokuwa anajua kufanya. Atakuwa mkali. Atajiuma mkono. Kwa hivyo ujuzi uliopotea ni dalili kubwa kuliko machozi, na bila ukurasa huu hakuna mtu atauona.

Ukurasa ukiwa tayari, mpe mtu asiyemjua kijana wako asome. Akiweza kukuambia ni nini kimepotea na tangu mwezi gani, umemaliza.

## Hatua ya 3: Buku ya wiki mbili

Kila siku mistari michache: usingizi (alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi), chakula, choo, kifafa kama kilikuja, hedhi kwa wasichana, na kila tukio. Hali ikiwa mbaya usimalize wiki mbili, hata siku tatu zinasaidia.

Tukio liandikwe hivi:

*Jumanne saa moja jioni. Kabla: tulikuwa tumeweka chakula, mtoto wa jirani anapiga kelele kwa koridoo. Alifanya: alishika shavu la kushoto, akasukuma sahani, akajipiga kichwani mara nne. Baadaye: tulimpa chai ya vuguvugu, akanyamaza, akalala saa mbili.*

Umeona hapo? Shavu la kushoto. Kama ungeandika "Jumanne alikuwa mkali sana", hio shavu ingepotea na pengine ni jino. Andika jicho liliona nini, hasira na ubishi uachie wengine.

Video ni nzuri kuliko maneno yako yote, juu siku ya kliniki mtu wako ataketi kama malaika na utaonekana wewe ndio una shida. Chukua ya nusu dakika tu. Lakini akiwa uchi usichukue, na isiende kwa grupu ya familia, hio ni ya daktari peke yake.

## Hatua ya 4: Tafuta maumivu kabla ya kutafuta ugonjwa wa akili

Hapa nakaa kidogo juu watu wengi wanairuka, hata hospitalini. Mtu asiyeweza kusema "naumwa" atasema na mwili. Anza na zahanati ama hospitali ya kaunti, ukienda Mama Lucy ama Mbagathi ni sawa, na uombe aangaliwe mwili mzima kabla ya kitu chochote. Uliza hivi moja moja, usiogope kuonekana msumbufu:

Meno. Afunguliwe mdomo. Kuna mtu amekaa na jino limeoza miezi na watu wanaombea hasira yake.

Masikio na macho. Nta imeziba masikio, watu wanasema amekuwa kiburi hasikii. Macho yakififia anaanza kuogopa ngazi na giza.

Choo. Choo kigumu kinasumbua watu hawa sana na kinaeza kuwa hatari. Dawa zingine za akili zinaongeza, pamoja na ile Artane wanayopewa kuzuia mwili kukakamaa.

Mkojo, vidonda vya tumbo, ngozi, maumivu ya hedhi. Kwa wasichana linganisha siku za matukio na siku za hedhi kwa buku. Zikifuatana kila mwezi una jibu lako nusu.

Thairoidi, tezi ya shingoni, hasa kwa mwenye Down syndrome (aina ya ulemavu wa akili mtu anazaliwa nao). Ikiwa chini mtu anazubaa, ananenepa, anasikia baridi, anaonekana ana depreshoni kabisa. Ni kipimo cha damu. Uliza kwa jina.

Dawa za kifafa. Karibu mtu mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili ana kifafa pia. Levetiracetam, ambayo wengi wanaijua kama Keppra, inaeza kumfanya mtu awe mkali na mwenye hasira. Phenobarbital pia inajulikana kwa kubadilisha tabia. Angalia kwa buku: ukali ulianza kabla ya dawa ama baada? ONYO: usiache dawa ya kifafa mwenyewe hata kama una uhakika ndio mbaya. Ikikatwa ghafla kifafa kinarudi na nguvu. Peleka tarehe kwa daktari abadilishe yeye.

Kama jino limetolewa na tabia ikarudi sawa, umeokoa foleni ya hospitali ya akili. Kama mwili umeangaliwa na uko sawa, pata hio kwa maandishi. Utaihitaji.

## Hatua ya 5: Angalia nini kimebadilika kwa maisha yake

Orodhesha miezi kumi na mbili: mlihama? mama wa kazi aliyemlea ameenda? shule imeisha na sasa anakaa nyumba ya chumba kimoja siku nzima? dadake ameolewa? kuna mtu amekufa?

Hio ya mwisho familia zetu zinaharibu na nia nzuri. Babu anafariki, mtu mwenye ulemavu anaachwa kwa jirani wakati wa mazishi "asisumbuke", alafu wiki ya tatu anaanza kukaa mlangoni jioni na watu wanashangaa anangoja nani. Anangoja babu. Mwambie kwa maneno mafupi ya kweli: babu amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, tumehuzunika. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, atangoja. Mpeleke kaburini ikiwezekana.

Alafu swali gumu. Anaogopa mtu fulani, ama chumba fulani? Kuna damu kwa nguo za ndani, anakataa kuvuliwa, ameanza kushika sehemu zake kwa njia mpya? Watu wenye ulemavu wa akili wanadhulumiwa kingono zaidi ya wengine, na mara nyingi na mtu anayejulikana nyumbani. Ukishuku, usimwogeshe, nguo ziweke kwa mfuko wa karatasi, nendeni hospitali haraka: dawa ya kuzuia HIV inafaa kuanzwa ndani ya masaa 72. Piga 1195 kwa dhuluma za kijinsia, ama 116 kama ni mtoto. Usimhoji mara ishirini, akishasema mara moja iandike maneno yake vile vile alivyosema.

## Hatua ya 6: Jua unachoshuku, bila kujifanya daktari

Fupi tu.

Depreshoni tumeongea. Wasiwasi mkali unaonekana kwa kukwama mlangoni, kutokwa jasho, kuuliza swali moja siku nzima. Mtu anayelala masaa mawili na ana nguvu kama amewekwa chaji, anacheka bila sababu, anavua nguo, wiki nzima, hio inaitwa menia na inatibika.

Kuongea peke yake ndio kunafanya watu wengi wapewe dawa wasizohitaji. Wengi wenye ulemavu wa akili, hasa wa Down syndrome, huongea peke yao kupanga siku, kujituliza, kurudia kitu kilichotokea shuleni. Kama ameongea hivo tangu utotoni na anafurahia, mwache. Kinachotisha ni kikiwa kipya: anajibu mtu hayuko, anaziba masikio kumekuwa kimya, anakataa chakula ati kuna kitu kimewekwa, anaogopa. Andika tofauti hio waziwazi, ama ataandikiwa dawa ya sauti zisizokuwepo.

Na mwenye Down syndrome aliyefika miaka ya arobaini akianza kupotea njia ya choo na kusahau majina: uliza kuhusu dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwao inakuja mapema. Lakini thairoidi, masikio na depreshoni viangaliwe kwanza.

## Hatua ya 7: Karatasi moja

Buku nzima daktari hatasoma. Ana watu wengi nje. Andika ukurasa mmoja, maandishi makubwa:

1. Jina, umri, ulemavu wake, anavyowasiliana ("anaelewa sentensi fupi, anajibu kwa kichwa").
2. Vitu vitatu alikuwa anafanya na sasa hafanyi, na tangu lini.
3. Vitu vitatu vipya.
4. Mwili umeangaliwa: nini, wapi, lini.
5. Dawa na kipimo cha kila moja.
6. Unaomba nini: "Tunaomba apimwe kama ana ugonjwa wa akili juu ya ulemavu wake."

Piga fotokopi mbili. Moja ikae kwa faili yao.

## Hatua ya 8: Siku ya kliniki

Nairobi, hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili ni Mathari, pale Thika Road, na Kenyatta ina kliniki ya afya ya akili. Barua ya rufaa kutoka hospitali ndogo inakurahisishia, iombe kwa Hatua ya 4 ukiwa huko tayari. Jirani akisema "Mathari ni ya wazimu", mwambie ni ya wagonjwa, muendelee na safari.

Fika mapema, na ukifika ongea na sista pale mnapopimwa presha: "Ana ulemavu wa akili, kelele zinamshtua, tunaeza kungoja nje mkatuita?" Wengi watakubali. Bebeni chakula, maji, kitu cha kushika mkononi, hedifoni kama zipo.

Ndani, mwache ajibu yeye kwanza. Ni mtu mzima, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inampa haki ya kuelezwa matibabu yake. Lakini jua hii: wengi wamezoea kukubali chochote mkubwa akisema. Daktari akiuliza "unasikia sauti?" atasema ndio. Akiuliza "husikii sauti?" ndio tena. Omba kwa heshima aulize kwa kuchagua: "usiku unalala ama unakaa macho?" alafu ageuze mpangilio aulize tena. Na muda aulizwe kwa matukio, kabla ya Krismasi, baada ya kuhama, maana "wiki tatu zilizopita" haimwambii kitu.

Mkifika pale pa "ndio hali yake", usigombane. Sema: "Daktari, ulemavu wake haujabadilika tangu azaliwe. Hii ilianza mwezi wa nane. Nini imebadilika mwezi wa nane?" alafu uweke ile karatasi mezani na unyamaze. Hilo swali lina nguvu juu haliwezi kujibiwa kwa kutaja ulemavu. Akikataa bado, omba aandike kwa faili kwamba umeeleza mabadiliko na amekataa kupima, ama akupe rufaa.

## Hatua ya 9: Dawa ikiandikwa

Uliza nne, na uandike majibu: Hii ni ya ugonjwa gani? Tutajua aje imefanya kazi? Madhara gani nirudi nayo haraka? Tunarudi lini kuamua kama inaendelea?

Swali la kwanza ndio muhimu. Uingereza, utafiti uliochapishwa 2015 uliangalia rekodi za watu wazima zaidi ya 33,000 wenye ulemavu wa akili: kati ya waliopewa dawa za saikosisi (ugonjwa wa kusikia ama kuamini vitu visivyokuwepo), 71 kwa kila 100 hawakuwa na ugonjwa mkali wa akili kwa rekodi. Na mwaka wa 2008 jaribio dogo la watu 86 lililinganisha dawa mbili za aina hio, haloperidol na risperidone, na kidonge kisicho na dawa kwa ajili ya ukali, na wote wakapungua ukali, wa kidonge kitupu hawakuwa nyuma hata kidogo. Sisemi dawa ni mbaya. Kama ana saikosisi ama menia au depreshoni kali, zinaokoa maisha. Nasema "ni ya kumtuliza" haitoshi kuwa jina la ugonjwa.

Waanze na kipimo kidogo, wapandishe polepole. Uangalie hivi:

- Shingo imepinda, macho yamekwama juu, ulimi umetoka, hasa baada ya sindano ya haloperidol. Si mapepo. Rudi hospitali sasa hivi, kuna dawa inafungua haraka.
- Hawezi kukaa, anatembea huku na huku usiku kucha. Familia inaona ugonjwa umezidi, dawa inaongezwa, anazidi kutembea. Inaeza kuwa dawa yenyewe. Sema hivo.
- Mate, kutetemeka, kunenepa haraka, choo kugoma.
- Kifafa kuongezeka. Baadhi ya hizi dawa zinafanya kije kwa urahisi.

Mchungaji akisema aache dawa aombewe, aombewe akiwa anameza. Kukatiza ghafla ni hatari.

Pia uliza kitu kisicho kidonge: mshauri anayeweza kutumia picha na maneno mafupi, ratiba ya siku iliyochorwa ukutani, kazi ya mikono, mahali pa kwenda mchana. Vikundi vya wazazi kama KAIH hapa Nairobi wanajua nani yuko wapi.

## Hatua ya 10: Buku iendelee

Usifunge buku siku mmepata dawa. Endelea na mistari ile ile, na kila Jumapili rudi ukurasa wa kwanza uulize vitu vilivyopotea vimerudi vingapi. Kunyamaza si kupona. Mtu aliyelala sofani siku nzima hapigi mtu, lakini vifungo vya shati bado haguzi na kiosk haendi. Unatafuta vifungo. Unatafuta sahani iliyoongezwa.

Dawa za depreshoni zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kitu, kwa hivyo wiki ya kwanza usikate tamaa wala usiongeze mwenyewe. Tarehe ya kurudi ikifika na hakuna kilichorudi kwa ule ukurasa, nenda na buku, onyesha, na uulize mambo mawili: je, tumekosea ugonjwa, na kama dawa haijasaidia tunaipunguza aje?